Mvua ya Mawe Ndani ya Kibuyu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya ujana wangu ambayo leo hunichekesha peke yangu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi inimeze. Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa baraza hapa Mbulu, suruali imepigwa pasi, ufunguo wa ghala la akiba ya nafaka u kiunoni. Maringo yangu usiyaulize!

Mvua ya mawe ikapiga kijiji cha Maretadu, ikalaza chini mahindi na maharage. Watu walihitaji mbegu upesi wapande tena kabla mvua haijakatika. Wangechelewa, mwaka mzima wangelala njaa. Lakini sheria ya baraza ilisema ghala lifunguliwe "wakati wa njaa" tu, kwa idhini ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, naye alikuwa safarini Hanang. Nikawaambia wajumbe wao, "Hii si njaa, ni mvua. Leteni ushahidi, nitaandika barua. Haraka haraka haina baraka."

Kesho yake akaja bibi mmoja wa huko, ametembea tangu alfajiri, kibuyu mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ushahidi wako huu hapa. Mawe yenyewe, nimeyazoa kivulini nyuma ya nyumba."

Nikachungulia. Maji matupu! Wazee wa baraza wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Bibi hakucheka.

"Yalikuwa mawe nilipotoka nyumbani, mjukuu wangu. Barua yako nayo ikirudi, sisi tutakuwa tumeshakuwa njaa. Njaa hiyo ndiyo unayoingoja ndipo uandike? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo si lako."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli.

Asubuhi ileile wazee wakabadili maneno ya sheria: ghala lifunguliwe kwa njaa au kwa maafa yoyote, jumbe wa kijiji na wazee watatu wakikubaliana, na barua ifuate nyuma. Nami nikalifungua ghala, mbegu zikatoka siku hiyohiyo. Bwana Shauri aliporudi alinuna kidogo, akayasoma maneno mapya mara mbili, akatia sahihi. Maretadu mahindi yalikuwa yameshachipua.

Basi sikia. Sheria iheshimu, maana bila hiyo wajanja wangemaliza ghala lote. Ila ukiona inawachelewesha wenye shida, usijifiche nyuma yake. Kaa na wenzako muitengeneze. Msaada uliochelewa ni rambirambi.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, ghala lililojaa, na bibi wa kukukemea ungali kijana.