Nusu ya Maneno ya Mama

Mama alifariki asubuhi, nyumbani kwetu Mji wa Kale, miaka michache baada ya uhuru. Chumbani tulikuwa naye watu wawili tu, mimi na shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja wa skuli, na mama alijua kuwa nataka ualimu. Alisema kwa sauti ndogo, bila kubabaika: "Mwanangu akiposwa na mtu mwema msimrudishe, lakini kwanda namalize skuli." Akaomba maji, akanywa kidogo, na hakusema tena.

Kwetu, mtu akifa, kila anayekuja kuhani huhadithiwa upya. Mgeni huketi mkekani, hulia, hufuta machozi kwa ncha ya leso, kisha huuliza marehemu alifariki vipi na alisema nini. Anayejibu ni mtu mzima wa nyumba, naye hana budi kuanza mwanzo kila mgeni anapoingia. Kazi hiyo aliishika shangazi. Siku ya kwanza aliyasema maneno yote. Kesho yake sauti ilikuwa imemkauka, wageni wakiingia kwa makundi, na skuli ikawa inatajwa mwisho, haraka haraka, watu wameshaanza kulia. Kufikia siku ya tatu, kwenye kisomo cha khitma, haikuwepo kabisa. "Hata roho yamtoka," alisema, "hana neno ila moja, mwanangu naolewe na mtu mwema." Wanawake wakalia kwelikweli. Hadithi ilikuwa imekuwa fupi, na iliwaliza. Skuli hailizi mtu.

Bado inanikera, sifichi. Afadhali angekuwa mwongo, maana mwongo hubanwa akakamatika. Shangazi hakutunga kitu. Alipunguza tu, na aliyepunguza hakuna anayemuuliza kilichobaki kiko wapi.

Nilijaribu. Palepale mkekani nilisema, "Na skuli je, shangazi?" Akanivuta kifuani, akanifunika uso kwa buibui lake, akawaambia wenzake, "Mwacheni, ana uchungu." Tangu hapo kila nililosema likawa ni uchungu.

Maneno yakatoka ukumbini yakafika barazani, walipokaa wanaume. Matanga yalipokwisha nilimwendea baba nikamwambia alivyosema mama, neno kwa neno. Hakunikaripia. Alisema, "Shangazi yako ni mtu mzima, naye alikuwako. Wasia wa maiti hauvunjwi."

Nikamwambia hata mimi nilikuwako. Akasema mimi nilikuwa nalia. Ni kweli nilikuwa nalia, lakini masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine.

Niliposwa kabla mwaka haujaisha. Siku ya harusi, wanawake walewale wa mkekani walinivika asumini wakanisifu kwa kutii kauli ya mama, na mmoja akaniambia kuwa sasa amelala kwa raha huko aliko. Nilitamani kumzaba kofi. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lilinifunga mdomo, kwani kila nilipolalamika niliulizwa nimekosa nini. Sare yangu ya skuli alipewa binamu yangu.

Shangazi alifariki kabla ile miaka ya sitini haijaisha. Baada ya hapo baba akawa anapita kwangu akitoka Marikiti, na siku moja alinikuta nimewakalisha watoto wa majirani sakafuni nikiwafundisha kusoma, kwa mkaa na kipande cha ubao. Alikaa akatazama mpaka watoto wakaondoka. Nikamletea kahawa.

"Ungalikuwa mwalimu mzuri wewe," alisema. "Lau mamako angalinena usome, mimi singalikuoza."

"Alinena, baba. Nami nalikwambia."

Alinitazama, kikombe mkononi. "Hukuniambia," alisema. "Ungaliniambia, ningalikataaje?"

Alisema kwa upole, na niliona kuwa anasadiki.