Safari Isiyo na Msiba

Kwetu Mpanda mtu hawezi kufunga nyumba siku nne, akasema anakwenda kupumzika, akaeleweka. Ukionekana na begi asubuhi, basi kuna mgonjwa, kuna harusi, au kuna msiba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo zangu zote nimezitumia kulima na kuvuna mpunga Kakese, kushona mashuka na kuyauguza magoti ya mama. Likizo ya Juni mwaka jana niliamua kumpeleka mama Ikola, ziwani, bila sababu yoyote. Ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote niliyowahi kufanya, na mimi nimewahi kuolewa.

Mama anaishi nami tangu baba afariki. Kwa kabila ni Mbende, mzaliwa wa Ikola, aliyeolewa angali binti akapelekwa Kakese kwenye majaruba ya mpunga, na huko akatulia. Jambo lisilo na sababu halimwingii akilini. Mara ya kwanza kuniona naoka mkate siku ya Jumamosi, aliniuliza ni mgeni gani anakuja. Nikamwambia ni wetu wawili tu. Alichukua fagio akafagia uwanja mzima, kwa ajili ya huyo mgeni.

Naoka kwa sufuria. Kwenye sufuria kubwa natandaza mchanga, ndani yake naweka ndogo yenye donge lililokwisha kuumuka, nafunika kwa bati, kisha mkaa unakaa chini na juu. Ukizidisha wa juu, mkate unaungua nje huku ndani ni mbichi. Nimekula mikate mingi ya namna hiyo, kwa sababu ni mbishi na sipendi kuambiwa nipunguze moto.

Mkate ukiwa motoni, nasoma. Hilo nalo lilimsumbua mama. Kwake mtu mzima anayeshika kitabu ana mtihani au ana kesi. "Mtihani lini?" alikuwa akiniuliza, ungo wa mchele mapajani. Siku moja nikaanza kusoma kwa sauti, kwa ukorofi tu, ili asikie mwenyewe kwamba hakuna mtihani. Ilikuwa riwaya iliyopoteza jalada, ya ndugu watatu wanaogombania nyumba ya baba yao. Nilipofika ukurasa wa tano, mama aliacha kuchambua mchele.

"Huyo mkubwa ni mwizi," alisema.

Tangu hapo Jumamosi ikikaribia ananiuliza kama nimenunua hamira, na mimi najua anachouliza ni habari za ndugu watatu. Hatukuwa na haraka. Kurasa kumi kwa mkate mmoja, na nusu ya muda ule mama alikuwa akiwahukumu.

Katikati ya kitabu yule ndugu mdogo anaondoka nyumbani kwa hasira, anakwenda kukaa ufukweni. Mwandishi ameyaeleza maji vizuri, rangi zake na kila kitu. Nikamuuliza mama, ziwa la kwao lina rangi gani.

"Sijui," alisema. "Toka niolewe sijaliangalia."

Nilidhani ananitania. Akaanza kuhesabu kwa vidole: amekwenda Ikola kumzika baba yake, kisha mama yake, kisha kaka zake wawili, kisha shangazi yake. Kila safari alifika kanga imemfunika uso na akaondoka macho yamevimba. Katikati ya misiba hiyo alikuwa na watoto, mpunga na mume, na nani angempa ruhusa ya kwenda kuangalia maji. Aliyasema hayo bila uchungu wowote, akaendelea kupepeta mchele wake. Mimi ndiye niliyeumia. Mama yangu anakaribia miaka themanini. Kwa mwendo ule, safari inayofuata ya Ikola ingekuwa ya kumzika mwenzake, au tungekwenda kutoa taarifa kwamba tumemzika yeye. Nikaapa moyoni kwamba atakwenda kwao mara moja bila kulia. Mara moja tu.

Siku moja kabla ya safari nilioka mikate ya njiani. Nilianza mchana, mikate minne mfululizo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Jirani yetu alipita akaona majiko mawili, mikate imepangwa kwenye meza, na mama anakunja kanga. Hakuuliza kitu. Aliondoka, akarudi amejifunga kanga kiunoni na kilo ya sukari mkononi.

"Poleni jamani," alisema, na machozi yakaanza. "Nani tena?"

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Hiki kilitaka kuanzia kwa jirani.

"Hakuna aliyekufa," nilimwambia. "Tunakwenda Ikola kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

"Kupumzika tu, dada. Kuangalia ziwa."

Alinitazama, akamtazama mama, akanirudia mimi. "Mmechoka nini?" aliuliza, na hakuwa anakejeli. Nilimrudishia sukari yake akaikataa, kwa sababu sukari iliyokwisha kutolewa kwa ajili ya msiba hairudi jikoni kwa mwenyewe, ni mkosi. Tukaiweka kwenye begi. Kesho yake, kabla basi halijatoka, simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe wa pole kutoka kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Sikumjibu hata mmoja.

Ikola tulifikia kwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alipotuona tunashuka alishika kichwa kwa mikono miwili, akatazama nyuma yetu kama vile kuna jeneza linashushwa.

"Hatujafiwa," nilisema haraka. "Tumekuja kutembea."

"Nyie?" Alitucheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia ndani kututafutia mkeka, na nikamsikia akicheka tena peke yake.

Jioni ile mama hakuliona ziwa. Giza lilikuwa limeshaingia, na yeye mwenyewe hakuwa na haraka. Alikuwa amevaa ile kanga yake nyeusi ya misibani, akasema ndiyo anayoijua kwa safari ya Ikola. Kila jirani aliyekuja kutusalimu alimpa pole kwanza, kwa mazoea, halafu ndipo akamuuliza habari za nyumbani kwake. Nililala nikijiambia kwamba kesho mambo yatanyooka.

Asubuhi nilimkuta mama mdogo jikoni anapuliza moto, uso umemshuka. Aliniita karibu akaniambia kwa sauti ya chini. Alfajiri ile alikuwa amefariki mke wa fundi mitumbwi, nyumba za juu kule barabarani. Alikuwa rafiki wa utotoni wa mama; walichota maji pamoja na kuchapwa fimbo pamoja kwa utundu. Maziko yangekuwa kesho, watoto wake wakishafika kutoka Kigoma.

Sitaficha: nilikasirika. Sikumkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Niliyakasirikia mazoea yetu yote, na hilo ziwa, na bahati ya mama yangu. Siku moja tu niliyoiomba, na hata hiyo ilikuwa imeshapata mwenyewe.

"Mama mdogo," nilisema, "usimwambie. Nipe mpaka jioni."

"Msiba haufichwi, mwanangu."

"Mpaka saa tisa basi. Aone maji. Kisha nitamwambia mwenyewe, na lawama zote nitazibeba mimi."

Mwishowe mama mdogo akaitikia kwa kichwa, akajitwisha debe la unga, akamuaga mama kwamba anakwenda kwenye kikoba, kile chama chao cha akiba cha akina mama. Mama alimwitikia, "Haya, nenda," akaendelea kusukutua mdomo. Nilijiona mchawi, na bado nikafunga mkate kwenye kanga, nikachukua chupa ya chai na kitabu, nikamshika mama mkono.

Nilimpitisha njia ya chini, mbali na zile nyumba za juu, mpaka tukawapita wanawake wanaoanika dagaa na kufika kwenye mawe makubwa mwisho wa mchanga. Mama ndiye aliyechagua jiwe. Alisimama akayatazama maji kwa muda mrefu, mkono umekinga jua.

"Kijani," alisema. "Kule mbali buluu, lakini hapa ni kijani. Nilikuwa nimesahau."

Kisha akavua ile kanga nyeusi, akabaki na ya ndani, akaingia majini taratibu kwa sababu ya magoti. Maji yalipomfika kiunoni niliinuka kumfuata. Yalipomfika kifuani akajilaza, akaogelea. Miaka yote niliyokuwa mtoto wake, sikujua kwamba mama yangu anajua kuogelea. Alizunguka jiwe akarudi, akazunguka tena, na magoti yanayomliza kila asubuhi hayakumwambia kitu. Mara nikamwona anarusha maji upande wake wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, akacheka. Kilikuwa kicheko cha msichana. Sijawahi kukisikia tena.

"Unacheka nini?" nilimwuliza alipotoka.

"Basi tu," alisema.

Tulikula mkate na chai. Akaniomba nisome. Nilifungua kitabu, lakini akili yangu ilikuwa barabarani kwenye zile nyumba, na kila upepo ulipogeuka nilihisi nasikia sauti za kuomboleza. Nilisoma kurasa mbili, tatu.

"Hapo umeshasoma," alisema mama.

Ni kweli, nilikuwa nimerudia ukurasa ule ule kutoka juu. Nikaomba radhi, nikatafuta pa kuendelea.

"We soma tu," alisema. "Hata mara ya pili bado ni mwizi."

Akajilaza ubavu juu ya mchanga, akafumba macho. Nikamtazama, nikajua furaha ile ninaiiba. Mama aliyenifundisha kutomwibia mtu hata kiberiti alikuwa amelala pale akiniamini, na mimi nimekalia kifo cha rafiki yake. Nilidhani nikimnyima habari nitakuwa nimempa zawadi. Kadiri jua lilivyosogea, ndivyo nilivyoona kwamba zawadi yenyewe nilikuwa ninajipa mimi, ili niweze kusema nilimpeleka mama ziwani akafurahi. Sikuingoja saa tisa. Mama aliingia majini mara ya mwisho, na alipotoka, kanga inamchuruzika, nilisimama.

"Mama, kuna jambo sijakwambia."

Alikuwa anakamua pindo la kanga. Hakuinua uso.

"Haya, twende," alisema. "Tusichelewe zaidi, watatusema."

"Unajua?"

"Nilisikia kilio kabla ya jogoo. Na huyu mdogo wangu, toka lini anakwenda kikoba na debe la unga kichwani?" Njia ya mwongo ni fupi, lakini yetu haikufika hata getini.

"Mbona hukusema, mama? Mimi hapa nimekaa siku nzima na dhambi."

Alijifunga ile kanga nyeusi juu ya iliyolowa, akaketi kwenye jiwe kupumzisha magoti.

"Yule tulijifunza naye kuogelea hapa hapa, nyuma ya jiwe hili," alisema. "Mama zetu wakidhani tumekwenda kuni. Alikuwa ananirushia maji machoni, mshenzi sana yule. Kule juu nikifika nitalia, ndiyo kazi yangu. Nilitaka nicheke naye kwanza."

Nililia pale mimi, ambaye sikumjua hata jina marehemu, na mama akanipigapiga mgongoni kama mfiwa ni mimi.

Tulipitia nyumbani kwa mama mdogo kuchukua mikate mitatu iliyobaki, na kilo ya sukari ya jirani, ambayo sasa ilikuwa imepata pa kwenda. Mama alipokaribia ule uwanja wenye watu alitoa sauti, akalia kwa haki, kama anavyolia siku zote, na wanawake wakaja kumpokea wakiwa wameshikana mikono naye. Wakamkalisha mkekani. Mmoja wao, bibi wa rika lake, akamshukuru kwa kuwahi, akashangaa taarifa imefikaje Mpanda upesi namna ile, na basi ni moja tu.

Mama alifuta macho, akamshika yule bibi mkono.

"Hatukuja kwa msiba," alisema. "Tulikuja kutembea."

Wanawake wakatazamana, mmoja akamsogezea maji ya kunywa, wakidhani ni uchungu unamsemesha. Nilikaa kando yake nikamwacha aegemee begani kwangu, na kanga yake ya ndani ilikuwa bado imelowa maji ya ziwa.