Foleni ya Maji ya Kashebere

Mwaka huu niliteremka kwenye pikipiki pale Kashebere baada ya miaka mingi, na kitu cha kwanza nilichokitafuta hakikuwa nyumba yetu. Nilitafuta bomba la maji. Unicheke tu, rafiki yangu, lakini leo naishi kwa kuandika programu za kompyuta, na kazi hiyo nilianza kujifunza kwenye foleni ya bomba lile.

Mwalimu wetu alikuwa na kompyuta moja kuukuu isiyowaka bila betri ya gari. Betri yenyewe ilitegemea kipande cha sola juu ya bati lake, na kwetu mawingu hayaishi. Kwa hiyo hatukuigusa ovyo. Baada ya masomo ya kawaida tulikaa chini kwenye udongo, tukapanga punje za maharagwe na kuandika amri kwa chaki kwenye kibao. "Mashini iko bila akili," alituambia. "Inafanya tu yenye umeiambia." Niliupenda mchezo ule kuliko kula, na mimi ni mtu wa kula.

Shida ilikuwa saa. Bomba lilifunguliwa wakati uleule wa somo letu, likafungwa jua likikaribia kuzama ili tangi lijae tena. Kwetu bidoni, yaani dumu la maji, humwakilisha mwenyewe: unaiweka kwenye mstari, unakwenda zako, nayo inakushikia nafasi. Bibi aliyenilea alinikubalia kusoma kwa sharti moja. "Siku utaleta bidoni bila mayi, masomo ya ile mashini imeisha." Bibi hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Nikawa nasoma roho juu. Bidoni ilishika nafasi, lakini heshima iliipita. Mama mwenye mtoto mgongoni alipita mbele, mzee naye, mgonjwa naye, na hakuna aliyethubutu kukataa, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Ila msimu ule watu wengi walikuwa wamekimbilia kwetu kutoka milima ya Masisi kwa sababu ya vita, wengi wao akina mama wenye watoto wadogo. Bidoni yangu ya njano ilikaa palepale kama imeota mizizi. Siku moja mama mlinzi wa bomba alifunga nikiwa nimepata maji ya kufunika kitako tu. Bibi aliitikisa, akaniangalia. "Iyi njo ya mwisho nasamehe," akasema.

Kesho yake mwalimu alituuliza nani ana tatizo la kutatua. Nikaeleza langu, nusura nilie. Hakunibembeleza. Alipanga maharagwe, mekundu kwa wenye kupita mbele na meupe kwa wengine, akatuambia tuwachoteshe maji. Mekundu yaliendelea kuja, na punje moja nyeupe ikabaki nyuma kila tulipojaribu.

"Uyu ni nani?"

"Ni miye, Mwalimu."

Tulibishana sana. Mmoja alitaka tuiondoe heshima kabisa, nikaona haya hata kumsikia. Mwishowe tukapata njia: apite mmoja wa heshima, kisha mmoja wa mstari, kwa zamu. Kwenye udongo ilikwenda vizuri kabisa.

Mwalimu akaiwasha mashine, tukaandika amri zetu pamoja na majina ya watu wa foleni. Ikamwita Mama wa Mapacha, kisha ikaniita mimi. Nikaruka kwa furaha. Ikamwita tena Mama wa Mapacha, kisha mimi, kisha Mama wa Mapacha, kisha mimi, kioo kizima, mpaka betri ikafa na kioo kikawa cheusi.

"Nani aliiambia itoe muntu mwenye amekwisha kuchota?" mwalimu akauliza.

Hakuna aliyeiambia. Kwenye udongo, kila aliyechota tuliiondoa punje yake bila kufikiri. Mkono ulifanya, na hatukujua kwamba nalo ni jambo la kuamriwa.

Siku za kungoja jua sikwenda somoni. Nilikaa bombani nikiishikilia bidoni kwa mikono miwili, nikihofu kwamba nimeshayapoteza masomo. Jua lilipotoka tulisahihisha, lakini kabla ya kuwasha mwalimu akauliza, "Na kama mulongo haina muntu, itaita nani?"

Tulicheka mpaka machozi. Foleni ya bomba letu ikose mtu? "Muandike tu," akasema. Tukaandika: kama hakuna mtu, simama.

Safari hii iliita kila mmoja mara moja, ikasimama. Mwalimu akatupeleka kwa mama mlinzi. "Muniletee iyo mashini ishike robine ya bomba, miye niende shambani," akatutania, lakini akakubali kuijaribu zamu yetu. Jua lilikuwa limeshagusa kilima. Nilikuwa wa kufuata, na mama mmoja mwenye mtoto akaja, akaweka bidoni yake mbele ya yangu.

"Ngoja, mama," mlinzi akasema. "Mwenye mutoto amekwisha kupita. Sasa ni uyu, kisha weye."

Wanawake wote wakanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama aliniangalia, akamwangalia mtoto wake, kisha akairudisha bidoni yake nyuma. Yangu ilipojaa, ni yeye aliyenitwisha.

Bibi aliipokea, akausikia uzito wake, akaiweka jikoni. Siku ya somo iliyofuata nilikuta sombe ya majani ya muhogo na ugali viko tayari mapema. "Kula, usichelewe kwa mwalimu," akasema. Sijawahi kula sombe tamu kama ile.

Kisha zamu yetu ya kukimbia ikafika. Bibi alizikwa mbali na shamba lake, na mwalimu sijui aliko. Wengi hawajarudi mpaka leo. Mwaka huu nilikuta bomba limeachwa wazi, maji yakimwagika kwenye majani yaliyoota pale bidoni zilipokuwa zikipangwa. Nilingoja kidogo, labda mtu angetokea njiani. Nikakumbuka tulivyocheka siku ile mwalimu alipouliza itaita nani kama foleni haina mtu. Nikalifunga bomba, maana hapakuwa na mtu wa kuita.