Choo cha Naliaka

Ukishuka gari la moshi Njoro miaka ile ya hamsini, ulisikia harufu ya mbao mbichi kabla hujaona mtu. Kiwanda cha kupasua mbao kilikuwa ng'ambo ya reli, na nyuma yake ilikuwa laini ya wafanyakazi, nyumba za mabanzi zilizobanana kama watu wanaoota moto. Humo aliishi Naliaka, mke wa Nyongesa, na habari zake ndizo ninazotaka kuwapa. Mwenye kiti aketi, asiye nacho asogee karibu.

Naliaka alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa sauti. Lakini alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: akishauliza "kwa nini", haondoki mpaka ajibiwe.

Sasa, laini nzima ilikuwa na choo kimoja cha kampuni, nacho kilikuwa kimejaa hata hakuna aliyethubutu kukisogelea. Watu walikwenda kichakani, kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Mvua ikinyesha, kila kilichoachwa juu kilishuka chini, na chini ndiko akina mama walikochota maji. Mwaka mmoja, mvua za masika zilipoanza, watoto wa laini walishikwa na kuhara. Situma, mtoto wa kwanza wa Naliaka, hakupona. Naliaka alibaki na Nekesa, mdogo wake, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Matanga yalipoisha Naliaka aliazima sururu, akaanza kuchimba nyuma ya nyumba. Nyapara akaja mbio.

"Mama, hii ni ardhi ya kampuni!"

"Najua," akasema Naliaka, huku amesimama shimoni mpaka magotini. "Na yule mtoto niliyemzika, alikuwa wa nani?"

Nyapara alitazama viatu vyake, akaenda zake.

Jirani yake Eucabeth, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alipita na mtungi kichwani. "Mama Nekesa, umeambiwa huko chini kuna dhahabu?"

"Natafuta mahali pa kuweka ulimi wako, dada. Lakini naona bado ni pafupi."

Alichimba kila alipopata nafasi, mtoto amelala kwenye kivuli cha karai. Udongo aliutoa kwa debe. Nyongesa, mumewe, alimsaidia kuleta mabanzi ya ukuta, lakini kuchimba hakuchimba. Alisema mgongo unamuuma. Kilipokwisha, kilikuwa choo kweli. Kilikuwa na mlango wa gunia, kifuniko cha mbao chenye mkono wa kushikia, debe la majivu pembeni, na nje mkebe uliotobolewa tundu dogo, wa kunawia. Nekesa akaanza kunenepa. Naliaka akaanza kulala usingizi.

Ndipo Mzee Walubengo akaja.

Huyu alikuwa baba yake Nyongesa. Alipanda gari la moshi Bungoma, akafika akikohoa, kwa sababu hospitali ya Nakuru ilikuwa imekubali kumtibu kifua. Nanyi mnajua mambo ya kwao. Mke wa mwana hamwangalii baba mkwe usoni, hampi mkono, hawasemezani moja kwa moja, hawalali nyumba moja, wala hawaingii choo kimoja. Mambo ya kulala yalikuwa mepesi, maana Mzee alipewa kitanda kwa Dalmas, kijana aliyefanya kazi na Nyongesa. Choo ndicho kilichokuwa kimoja.

Jioni ile Nyongesa alimwambia mkewe huku anatazama moto, "Mzee atatumia choo."

"Na mimi?"

"Wewe utakwenda kichakani na wenzako, mpaka aondoke."

"Ataondoka lini?"

"Daktari amesema dawa ni za miezi."

"Hapana," akasema Naliaka.

"Si mimi ninayesema. Ni desturi."

"Desturi inasema mimi na baba tusiingie choo kimoja. Sawa, naiheshimu. Haikusema nani aende kichakani. Hilo umelisema wewe. Chimba kingine."

Nyongesa akageuka kama aliyechomwa. "Baba anakohoa vile, nami nichimbe shimo refu nyuma ya nyumba? Watu watasema nini? Watasema namwandalia kaburi!"

"Waambie ni choo."

"Kabla sijafungua mdomo, habari itakuwa imeshafika Bungoma."

"Basi nichimbe mimi."

"Mke wa mwana amchimbie baba mkwe shimo? Hapo ndipo watakaponizika mimi."

Kulipokucha, wanaume wakitoka kwenda kazini, Naliaka alichukua kopo la maji, akalishika juu mahali pa kuonekana, akapita katikati ya laini akiimba wimbo wa kanisani, akaingia chooni kwake. Hakuharakisha. Alipotoka alinawa kwa sabuni, polepole, kidole kwa kidole. Mzee Walubengo alikuwa amesimama mlangoni kwa Dalmas, ameona yote. Choo kilikuwa kimekwisha kuwa cha mke wa mwanawe. Mzee aligeuza fimbo yake, akaelekea kichakani.

Laini ilichemka. Eucabeth aliweka ndoo chini ili mikono yake ipate nafasi ya kuzungumza. "Mama Nekesa! Umemfukuza mzee mgonjwa vichakani kama mbuzi!"

"Sikumfukuza. Nimeingia nilikochimba."

"Hata mimi naenda kichakani, na nina heshima zangu."

"Na maji unachota wapi, dada?"

Eucabeth alichukua ndoo yake.

Nyongesa alirudi kutoka kazini amevimba. "Nitakurudisha kwenu!"

"Nirudishe. Nekesa naondoka naye. Na wazee wa kwetu wakikuuliza kosa langu, utasemaje? Kwamba nilijisaidia chooni?"

Lakini Nyongesa alikuwa ameapa mbele ya Dalmas kwamba mwisho wa wiki mke huyu atapanda gari la moshi, na mwanamume akishaapa mbele ya kijana huona haya kurudi nyuma. Naliaka alilijua hilo. Alifunga nguo zake na za mtoto kwenye shuka, akaweka mzigo mlangoni, kila mtu auone. Na kila asubuhi aliuruka mzigo ule na kopo lake mkononi, akaenda chooni.

Aliyelisukuma jambo mbele ni Jelagat, mama mmoja aliyeleta maziwa kutoka upande wa mashamba. Alikuwa akipanda mteremko na vibuyu vyake alipomkuta Mzee Walubengo kichakani anafunga mshipi. Jelagat hakuwa mkwe wa mtu hapo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuinamisha macho.

"Mzee, shikamoo. Unajua chini ya hapo ulipochuchumaa kuna nini?"

"Nyasi," akasema Mzee, kwa aibu kali.

"Kuna maji anayokunywa mjukuu wako. Yule mwingine aliyakunywa. Hukuambiwa alikufa na nini?"

Mzee hakuwa ameambiwa. Barua iliyopelekwa nyumbani ilisema homa.

Mchana wake alikuja akaketi juani, akauegemea ukuta wa nyumba ya mwanawe. Naliaka alikuwa upande wa pili wa kona, anamtupia kuku mtama. Hawakuonana, lakini kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake. Mzee akaigonga fimbo yake chini.

"Fimbo," akasema, "wewe umetembea sana. Je, ni kweli mtoto Situma aliuawa na maji?"

Naliaka alisimama na mtama mkononi. Kisha akamwinamia kuku.

"Kuku, wewe ulikuwepo. Wewe ulimwona akikauka kama jani. Ndiyo maana nilichimba. Simdharau mtu, kuku. Akija mtu mwenye heshima zake, achimbiwe chake, nitamchotea hata maji ya kunawa. Lakini mimi kichakani siendi. Si kwa desturi, si kwa gari la moshi, si kwa yeyote."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu.

"Fimbo," akasema mwishowe, "kuku huyu ana kichwa kigumu."

"Kuku," akajibu Naliaka, "asante."

Jumamosi, siku iliyopangwa ya safari, laini iliamshwa na mlio wa sururu. Watu wakatoka. Mzee Walubengo alikuwa amevua koti, anapiga ardhi nyuma ya nyumba ya Dalmas, mbali na mteremko. Anapiga, anakohoa, anapiga tena.

Nyongesa alikuja mbio, shati mkononi. "Baba! Unafanya nini?"

"Najichimbia."

"Baba, watu wanaona!"

"Waone. Waseme mwanangu ana mgongo mbovu, nami nimeachwa nijichimbie shimo nikiwa nakohoa hivi." Akainua sururu tena. "Au waseme kaburi. Mimi nimelikubali, nitalichuchumalia."

Watu walicheka mpaka Dalmas akaketi chini. Nyongesa alimnyang'anya baba yake sururu, akaanza kuchimba yeye, kwa nguvu za mtu aliyeaibishwa mbele ya kila nyumba. Mgongo wake haukuuma hata kidogo. Mzee alikaa kando juu ya gogo akimwelekeza, "Panua hapo. Hapo umepinda."

Nyapara alipotokea na kusema ardhi ni ya kampuni, Naliaka alikuwa amekwisha kusimama kati yake na shimo, Nekesa mgongoni. Alimtazama tu, mpaka nyapara akakumbuka kazi yake nyingine upande wa reli.

Gari la moshi lilipiga honi, likaondoka bila mtu wa laini ile. Naliaka akauingiza mzigo ndani, akaufungua.

Jioni, choo cha Mzee kilipokuwa kimepata kuta, Naliaka alileta kifuniko alichokigonga mwenyewe kwa misumari, akakiweka mahali Mzee angekiona, akarudi nyuma ya kona.

"Kuku," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "atakayetoka chooni amwage majivu. Kifuniko kirudishwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kuchovya tu vidole. Na asiyetaka, kichakani asiende, aje aniambie mimi."

Upande wa pili, fimbo iligongwa chini polepole.

"Fimbo," akasema Mzee Walubengo, "tumesikia."