Nyongo ya Dome

Tupokigwe alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Si kwamba aliogopa damu, damu aliizoea. Baba yake, Andendekisye, ndiye aliyeitwa kuchinja kila palipotokea msiba katika vilima vya Rungwe, na huko ng'ombe wa msiba hawakuwa haba. Binti alimfuata na karai. Alishika maini kwa mikono miwili huku baba akitenganisha nyongo kwa ncha ya kisu, wote wawili wamezuia pumzi. Ikipasuka hakuna mjadala: kila ilichogusa kinatupwa, hata kama wafiwa wanatazama kwa uchungu.

Alichoshindwa Tupokigwe ni vitu vyenye utelezi. Bamia, makamasi ya watoto, konokono kwenye majani ya migomba, kambale wa Rukwa ambao ngozi zao bado zinang'aa: hivyo vyote vilimpandishia kichefuchefu mpaka machozi yakamlenga. Na kuliko konokono na kambale wote, alimwonea kinyaa shemeji yake Asukile.

Huyo alikuwa kaka wa marehemu mumewe, Danieli, aliyefia kwenye machimbo ya dhahabu kule Chunya mwaka 1954. Kwa desturi ya ukoo, mjane hurithiwa na ndugu wa mume. Kwa sheria ya kanisa lao, mzee wa kanisa hana ruhusa ya wake wawili. Asukile alikuwa ndugu wa mume, alikuwa mzee wa kanisa, na mke alikuwa naye tayari. Mtu mwingine angeona hapo pana ukuta. Yeye aliona mlango. Kwa mchungaji alisema anamtunza mjane wa ndugu yake kama Maandiko yanavyoagiza, akasifiwa mbele ya waumini. Kwa wazee wa ukoo alisema amekwisha kumrithi, wakanywa pombe yao wakaondoka wameridhika. Tupokigwe mwenyewe hakuulizwa popote. Alichobaki nacho ni kumbukumbu ya kiganja cha mtu yule, chenye jasho hata katika baridi ya Julai, kikitua shingoni mwake kama kinapima kitambaa dukani.

Akapanda basi la Iringa.

Huko alipata kazi ya upishi nyumbani kwa Mwalimu Liberatus, Mbena aliyesomea Makerere na sasa anafundisha sayansi. Mkewe, Lea, alikuwa binti wa karani wa bandari ya Tanga, mdogo kwa Tupokigwe kwa miaka mingi, mwenye maneno mengi na miguu isiyozoea baridi. Alivaa soksi za mumewe hata mezani. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ngome ya Tupokigwe. Wazee wa ukoo waliweza kumvuta mjane aliyekaa bure kwa ndugu. Hawakuthubutu kumvuta mtumishi kutoka nyumba ya mwalimu bila mwalimu kukubali. Siku ambayo angeambiwa "nenda", basi angekwenda mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa na kiganja kile.

Lea alipopata ujauzito, chakula chote kilimkataa. Viazi vya Kilolo vilimnukia udongo, nyama ilimnukia ngozi. Kitu kimoja tu alikililia mchana kutwa: dome, apikwe kama bibi yake wa Tanga alivyokuwa akimpika, ndani ya wino wake mwenyewe.

"Dome ni samaki?" aliuliza Tupokigwe.

"Ni ndugu yake pweza, dada. Ana mikono kichwani."

Tupokigwe hakuuliza zaidi, hata huo wino ni nini. Lililotosha lilikuwa limetosha.

Kaka yake Lea aliyekuwa Dar es Salaam akawatumia madome wawili kwa lori, ndani ya debe lenye barafu na pumba za mbao. Debe lilipofika Iringa barafu ilikuwa maji na pumba zilikuwa uji. Mwalimu alilifungua uani akiwa na furaha ya mtoto. Akamtoa dome mmoja, akamlaza juu ya sinia. Alikuwa mweupe wa kijivu, laini, kama ulimi mkubwa uliokatwa, na mikono yake ilining'inia mbele ya uso ikitonesha ute. Jicho lake lilikuwa wazi. Mboni haikuwa duara kama ya viumbe wa Mungu. Ilijikunja kama nyoka aliyekanyagwa.

"Akiwa hai hungemwona," Mwalimu alisema. "Akilala mchangani anakuwa mchanga. Akikaa penye mawe anakuwa mawe, na vipele vya ngozi vinasimama kabisa. Ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu. Akifa, rangi zote zinazimika. Huyu unayemwona sasa ndiye mwenyewe."

"Ndiye mwenyewe," alirudia Tupokigwe, akageuka akatema mate nyuma ya pipa.

Mwalimu akamchukua dome mmoja kwenda naye darasani. Lea akawa anajiandaa kwenda kliniki. "Huyu wa pili msafishe tu, dada," alisema akifunga kilemba. "Kumpika nitampika mwenyewe." Akaenda zake.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na lilikuwa kosa la mtu anayeijua kazi yake. Tupokigwe alijifunga kitambaa puani, akampasua dome tumboni kama alivyofundishwa kumpasua mnyama yeyote. Ndani alikuta mfupa mweupe mwepesi kama ganda la keki, akauvuta ukatoka na sauti ya kunyonya. Kisha vidole vyake vikagusa kifuko kidogo, laini, kinachong'aa, kimejaa. Akakitambua mara moja. Akazuia pumzi, akasogeza ncha ya kisu, na ule utelezi ukamponyoka mkononi.

Kifuko kikapasuka. Ikatoka nyongo nyeusi isiyokwisha, nzito kama masizi yaliyochanganywa na kamasi, ikafunika nyama, sinia, meza, mikono yake mpaka viwikoni. Maishani mwake hakuwahi kuona nyongo mbaya kama ile. Mnyama mwenye nyongo ya kijani huweza kuua hamu ya mlo. Huyu mwenye nyongo nyeusi bila shaka angeua mtu, na mtu mwenyewe ni mjamzito. Hakusita. Alimbeba dome kwa koleo, akamtupa kwenye shimo la taka, akamwagia majivu ya moto na mafuta ya taa juu yake, mbwa wasije wakafa.

Alikuwa bado anasugua mikono aliposikia sauti nyuma yake, kwa Kinyakyusa.

"Amekufa nani hapa, mpaka mke wangu amejipaka masizi?"

Asukile alisimama mlangoni pa jiko, kofia kifuani, viatu vimejaa vumbi la safari. Alikuwa anatabasamu.

"Mimi si mke wako, shemeji."

"Wazee wamechoka kungoja. Nimekuja kukuchukua, nawe hutapiga kelele, maana nitamwomba mwalimu wako kwa adabu, na yeye mwenyewe ndiye atakayekupa ruhusa." Alinusa, akakunja uso. "Unanuka kama mfereji. Kazi yenyewe ndiyo hii uliyotukimbilia?"

Lea aliporudi alimkuta mgeni amekaa uani kwa heshima, amekunja mikono mapajani. "Shikamoo, Mama," alimwamkia, ingawa alimzidi umri mara mbili. "Mimi ni shemeji yake Tupokigwe. Mama mkwe wake ni mgonjwa, anamlilia."

Lea alimpa pole, kisha akaingia jikoni na hamu yake yote. Ukelele wake ulisikika mpaka barabarani.

"Umemtupa? Umemtupa dome wangu?"

"Nyongo ilipasuka, Mama."

"Nyongo! Ule ni wino! Ndio mchuzi wenyewe! Wiki ya ngapi hii sijala, wewe mtu? Umemtia na mafuta ya taa?" Lea akaketi juu ya gunia la mkaa, akalia kama mtoto. Kisha akafuta pua kwa ukingo wa kanga. "Shemeji yako amekuja kukuchukua. Vizuri. Kesho mfuate. Sitaki kukuona."

Tupokigwe alisimama na mikono yake myeusi. Maneno ya kujitetea alikuwa nayo, lakini kwao mwanamke hafungui kinywa juu ya mambo ya ukoo mbele ya wageni, na kinyaa alichokuwa nacho hakikuwa na jina ambalo angeweza kulitamka kwa binti mdogo anayelia.

Jioni Mwalimu alirudi na dome wa darasani amefungwa kwenye karatasi. Wanafunzi walikuwa wamemkata vipande, wamehesabu mioyo, wameandika majina yao kwa matone ya wino. Kifuko kilikuwa kimebaki na wino wa kutosha. Lea alinusa vipande vile, akafikiri kidogo, akawasha jiko. Alikaanga vitunguu na nyanya, akaminya kile kifuko sufuriani. Mchuzi ukawa mweusi, ukachemka kwa mapovu mazito. Harufu yake ilikuwa ya chumvi, ya chuma, ya kitu kilichokaa chini ya maji kwa muda mrefu. Tupokigwe alisonga ugali akiwa amegeuzia uso ukutani.

Mgeni akakaribishwa mezani. Tupokigwe alihudumia. Aliona kipande cha kwanza kikiingia mdomoni mwa Asukile, akaona koo lake likikataa, likasukumwa, likameza.

"Chakula kitamu sana, Mama," Asukile alisema. Meno yake yalikuwa yamekuwa meusi. "Nilikula sana hiki nilipokuwa Dar es Salaam."

Hakuwa amewahi kufika Dar es Salaam.

"Basi unamjua," alisema Mwalimu, akachangamka. "Unajua anavyowinda? Kuna nyakati hajifichi hata kidogo. Anamwendea kamba polepole, mbele kabisa ya macho yake, na mistari myeusi inapita mwilini mwake kama vivuli vya mawingu juu ya shamba. Kamba anabaki anatazama. Kisha mikono miwili mirefu inachomoka, kamba hayupo."

"Ajabu za Mungu," alisema Asukile. Akamgeukia Tupokigwe aliyekuwa akimwongezea ugali, na kwa tabasamu lilelile, kwa sauti ileile tamu, akasema kwa Kinyakyusa: "Watu hawa wanakula mavi ya nyoka. Ukifika kwangu, mikono hiyo nitakuosha kwa fimbo."

"Anasema nini?" Lea aliuliza.

"Namwambia shemeji ajifunze mapishi haya mazuri, Mama."

Tupokigwe alitazama ule mdomo mweusi unaong'aa kwa mafuta. Kichefuchefu kilimpanda, kikafika kooni, na safari hii kilichotoka kilikuwa maneno.

"Hakusema hivyo. Amesema mnakula mavi ya nyoka. Amesema nikifika kwake atanichapa fimbo."

Kijiko cha Mwalimu kilibaki hewani.

"Hapa mezani naitwa shemeji," Tupokigwe aliendelea. "Jikoni mchana ameniita mke wake. Mchungaji anaambiwa natunzwa, wazee wanaambiwa nimerithiwa. Na mama mkwe si mgonjwa. Alikufa kabla ya mume wangu, nilimwosha mimi."

"Mwalimu," Asukile alisema upesi, "mjane ana majonzi, majonzi yanasumbua akili." Alipoona hajibiwi akamgeukia Lea. "Mama, mimi ni mtu wa kanisa." Alipoona Lea naye anamtazama tu, tabasamu likaondoka usoni, na chini yake hapakuwa na kitu ila uso mpana wenye hasira. "Desturi ni desturi. Mwanamke huyu ni wa nyumba yetu. Kijana kama wewe utanifundisha nini?"

"Mzee," alisema Mwalimu, "ni mkeo au shemeji yako? Mwezi ujao napita Mbeya mpaka Rungwe. Nimwambie mchungaji wako lipi?"

Macho ya Asukile yalikwenda kwa huyu, yakaenda kwa yule, yakarudi kwenye sahani.

Lea ndiye aliyesukuma sahani yake mbali. "Dada Tupo. Unamtaka mtu huyu?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Namwonea kinyaa," alisema.

"Basi." Lea akainuka na soksi zake, akafungua mlango, baridi ikaingia. "Baba, chukua kofia yako. Kituo cha basi unakijua, na msikitini hapo chini kuna baraza la kulala wasafiri."

Asukile alipoondoka, hakuna aliyemwambia kuhusu meno yake. Lea alianza kucheka, akajizuia, akashika tumbo. Kisha uso ukamkunjamana tena.

"Usidhani nimekusamehe. Dome wangu umemtupa. Kaka akileta mwingine utamsafisha wewe, na kile kifuko utanitolea kizima."

Tupokigwe alikuwa anakusanya sahani, vidole vikikwepa mchuzi. Alifikiria ule ute, lile jicho, ile sauti ya mfupa ukitoka. Mate yakamjaa mdomoni.

"Nitamsafisha, Mama," alisema. "Nitafumba macho nitamsafisha. Kila mwezi ukitaka." Akatoka uani kutema.