Kamati ya Kumpeleka Zilpah Kula

Alichokitaka Zilpah mwaka huu kilikuwa kidogo mpaka aliona haya kukitaja: kula chakula ambacho hakukipika yeye, akiwa ameketi, na chakula chenyewe kiwe bado moto.

Usicheke. Zilpah alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika hospitali iliyo karibu na kwake Bordesley Green, na saa zilizobaki alikuwa jiko la Wakenya wote wa upande ule wa Birmingham. Mtoto akibatizwa, Zilpah. Mtu akipata shahada, akipata viza, akipata mke, Zilpah. Mtu akifa Kenya na jamaa zake wakaomboleza Birmingham, Zilpah alikuwa ameshaloweka maharagwe kabla marehemu hajafikishwa mochari. Na kila mara, akishawapakulia watu wote, alibakiwa na ukoko na shukrani. Ukoko aliula akiwa amesimama.

Basi alipotimiza miaka hamsini, binti yake Beverly, aliyezaliwa mji huu na sasa anasoma chuo kule Selly Oak, akamletea tiketi mbili za tamasha la vyakula na mvinyo. Lingefanyika katika bustani moja ya burudani nje ya mji, zile bustani zenye vitreni vinavyowapindua watu kichwa chini miguu juu kwa hiari yao.

"You just walk around, Mum. People feed you."

"Na vyombo ataosha nani?"

"Not you."

Zilpah alilazimika kuvuta kiti akae.

Kosa lake alilifanya Jumapili iliyofuata, alipoombwa apike kwenye ubatizo ulioangukia siku ileile ya tamasha. Angesema ana shift, zamu ya kazini, yangeishia hapo. Shift ni udhuru mtakatifu kwa Wakenya wa Uingereza, hakuna anayethubutu kuuhoji. Lakini Zilpah hajui kudanganya. Akaandika kwenye kikundi cha WhatsApp: "Siku hiyo sitakuwepo, naenda tamasha la chakula."

Maji ya chai hayajachemka, simu ikaanza kutetemeka mezani. Bethuel, ambaye amekuwa mwenyekiti wa kila kamati tangu siku aliposhuka kwenye ndege, alikuwa amefungua kikundi kipya, "Zilpah Planning Committee", akabandika juu yake picha ya Zilpah aliyopigwa kwa ajili ya pasipoti, uso mkavu, nyuma peupe. Sasa Mkenya yeyote akiingizwa ghafla kwenye kikundi chenye jina la mtu, picha ya mtu na neno kamati, haulizi maswali.

"Poleni sana familia, tuko pamoja," akaandika wa kwanza.

"Mungu ailaze roho yake mahali pema."

"Jamani! Si nimemwona juzi sokoni akibeba viazi?"

Zilpah alisoma rambirambi zake mwenyewe moja baada ya nyingine, na tusifichane, nyingine zilimgusa. Hakujua kwamba watu walikuwa wanampenda hivyo. Mwishowe akaandika, "Niko hai." Mtu mmoja akamjibu, "Amen."

Akampigia Bethuel. "Mwenyekiti, ni mimi na Beverly tu. Tunaenda, tunakula, tunarudi."

"Mama Beverly," Bethuel akasema kwa sauti ya upole, ile ya kumbembeleza mgonjwa anywe dawa, "utaendaje pekee yako kama mtu hana watu?"

Hapo Bethuel akawa amemshika. Mwambie Mkenya hana hela, atacheka. Mwambie hana akili, atakubishia. Lakini kuambiwa huna watu, na uko ughaibuni, ni jambo la kukunyima usingizi. Akasema haya, na kamati ikawa imezaliwa.

Vikao vilifanyika nyumbani kwake, maana mwenye shughuli ndiye mwenyeji. Kwa hiyo, ili kupanga ile siku moja ambayo hangepika, Zilpah alipika kila Jumamosi. Alikaanga mandazi, akachemsha chai, akasimama mlangoni mwa jikoni na kusikiliza mambo yake yakiamuliwa. Kikao cha kwanza kilikwisha kwenye rangi ya fulana. Cha pili kilikwama kwenye mvinyo, kwa sababu Bethuel alisema hawezi kuvaa neno hilo kifuani na yeye ni mzee wa kanisa.

"Tuandike 'Tamasha la Chakula na Zabibu'," akapendekeza.

Valérie, jirani wa Zilpah, mama wa Bukavu aliyeimba kwaya ya Wakatoliki na aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mandazi tu, akaweka kikombe chini. "Na Yesu kule Kana alitengeneza nini, papa? Fanta?"

Ikaundwa kamati ndogo ya zabibu.

Kikao cha tatu Bethuel alikuja na programu iliyochapishwa kwenye karatasi inayong'aa. Jalada lilikuwa na ileile picha ya pasipoti, sasa imezungushiwa maua. Ndani kulikuwa na maombi ya kufungua, kusomwa kwa wasifu wa Zilpah, neno kutoka kwa familia, neno kutoka kwa wafanyakazi wenzake, neno kutoka kwa kanisa, neno la shukrani. Zilpah akaigeuza nyuma na mbele akitafuta mahali palipoandikwa kula.

"Mwenyekiti, hii si ni ya mazishi?"

"Hapana, ni format tu. Hiyo ndiyo tuko nayo kwa computer."

"Na kula ni saa ngapi?"

"Ndio tunafika hapo." Bethuel akakohoa kidogo. "Chakula cha hao watu nimekiangalia kwa website. Ni vijisahani, Mama Beverly. Kanyama hivi, na jani juu. Sasa tutoe watu arobaini Birmingham tuwapeleke huko walale njaa? Watasema nini juu yako?"

Kamati yote ikageuka kumtazama. Hakuna aliyemwomba kitu. Walimtazama tu kwa imani, mandazi mkononi, na Zilpah akausikia mdomo wake mwenyewe ukiuliza, "Pilau ama wali mweupe?" Aliuchukia mdomo ule siku nzima.

Ijumaa mchana, Valérie alikuja kumsaidia kumenya vitunguu. Jikoni kulikuwa na sufuria ile kubwa ya harusi, nyama ya kwanza iko motoni na iliyobaki imejaa sinki, na kanga tatu za Zilpah zimelowa mvuke.

"Kesho unaenda ku tamasha ya chakula," Valérie akasema, "na leo unapika chakula ya kupeleka ku tamasha ya chakula."

"Wacha tu, Mama Valérie."

"Weye, siku utakufa, batakuita utoke mu sanduku uangalie kama wali inaiva."

Zilpah alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Kicheko kikaisha na bado ameushika. Aliliona jambo lenyewe waziwazi: jeneza, maua, watu na fulana zao, na Bethuel akigonga kifuniko taratibu kwa adabu, samahani Mama Beverly, iliki uliiweka wapi? Hasira ikampanda mpaka masikioni. Hasira ya kweli, ya miaka. Lakini nyama ilikuwa imeshaanza kukauka motoni, akaigeuza.

Siku ikafika. Basi la kukodi likajaa fulana za zambarau. Sufuria ilipewa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Mwenye shughuli alikaa nyuma karibu na choo, na Beverly pembeni yake akimtazama yeye na ile sufuria kwa zamu, jambo lililomuuma Zilpah kuliko kama angemlaumu.

Langoni, mlinzi aliyeitwa Inderpal akawaambia kwa heshima kwamba chakula cha kutoka nje hakiingii. Bethuel akatoa programu, kwa maana hakuna mlango uliowahi kumshinda akiwa na karatasi mkononi. Inderpal akasoma jalada. Uso wake ukabadilika. Akaweka mkono kifuani.

"I'm so sorry for your loss, sir."

Kisha akamwona Zilpah nyuma ya Bethuel. Akatazama picha. Akamtazama tena Zilpah. Bila kuuliza lolote, akawaonyesha sehemu ya nyasi kando ya maegesho ya magari na kusema wachukue muda wote watakaohitaji.

Meza zikakunjuliwa hapohapo. Bethuel akafungua kwa maombi marefu. Mfuniko ulipoondolewa, harufu ya pilau ikavuka maegesho ikaenda zake mpaka kwenye foleni ya tamasha, na foleni ikaanza kupinda. Watu waliolipia kuingia wakaja na vitambaa vyao vya tiketi mkononi wakasimama nyuma ya Wakenya. Mmoja aliuliza hili ni banda la nchi gani. Inderpal alikuwa kwenye sahani ya pili.

"Mama Beverly, pakua haraka!" Bethuel akaita. "Wazungu wamepanga laini, tusiaibike!"

Zilpah akakitazama kijiko cha kupakulia kilichokuwa mkononi mwake. Akamkabidhi mwenyekiti.

"Shika."

"Unaenda wapi? Sasa ndio tunasoma wasifu wako!"

"Someni tu," Zilpah akasema. "Kwani huwa mnasoma mwenyewe akisikia?"

Akamshika Beverly mkono, wakapita langoni.

Kwenye banda la kwanza msichana akamuuliza, "What would you like, my love?" na Zilpah akageuka nyuma kuona anaulizwa nani, kwa sababu swali lile alikuwa amelizoea kutoka upande wa pili. Mwishowe akanyoosha kidole. Akapewa kanyama kadogo na jani juu, vilevile alivyosema Bethuel, na glasi ya mvinyo isiyojaa. Wakaketi kwenye benchi, juu yao kitreni kikipita na watu wakipiga mayowe kichwa chini.

Akaonja. Chumvi ilikuwa kidogo. Kitunguu hakikuiva vizuri. Kilikuwa moto, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"You okay, Mum?"

"Kula chako."

Simu ikatetemeka. Ilikuwa kwenye kikundi cha kamati. "Mama Beverly, pilau imeisha na watu bado wako kwa laini. Ule mchele mwingine uliweka wapi?"

Zilpah akapangusa vidole vizuri, kimoja kimoja, akaandika, "Poleni sana familia, tuko pamoja." Akaizima simu, akaitumbukiza chini kabisa ya mkoba, akamuuliza Beverly banda lile la pili wanapika nini.