Swali la Ardith kwa Kocha

Watu wa Harlen, mji wetu mdogo wa Iowa, Marekani, hawagombani hadharani. Wakichukiana ndipo husalimiana vizuri zaidi. Lakini ikifika Januari, timu za wanawake za mpira wa kikapu za vyuo tisa vya kanda yetu zinapoanza kukutana zenyewe kwa zenyewe, hata wazee wa kanisa hufungua midomo, na mtu mwenye jicho la kumpima mchezaji huheshimiwa kuliko daktari. Kwa miaka ishirini mtu huyo alikuwa Ardith Roorda.

Alikuwa mpishi wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Mjane, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokanda unga wa watoto wa mji mzima. Kila Jumatatu asubuhi alikaa kwenye meza ya dirishani katika mkahawa wa mwoka mikate, yeye na Gaylen Buhr, mzee aliyekuwa akiuza mbegu za mahindi, na Darlys Tjaden, rafiki yake tangu wangali wasichana. Hapo mechi za Jumamosi zilichambuliwa mpaka zikabaki mifupa. Mwanzoni mwa msimu kila mmoja aliandika kwenye sahani ya karatasi utabiri wa nafasi za timu zote tisa na majina ya wachezaji watano bora, kisha sahani zikabandikwa ukutani hadi Machi, ili asiwepo wa kukana maneno yake. Sahani ya Ardith ndiyo iliyokuwa ikipatia. Gaylen alimwita Jaji, akambishia kila wiki, akashindwa kila wiki, na nadhani kushindwa huko ndiko kulikomtoa kitandani siku za theluji.

"Yule mrefu wa Chuo cha Bremer atafunga pointi ishirini kila mechi," Gaylen alisema wiki moja.

"Atafunga mpaka akutane na mtu wa kumsukuma kushoto. Mtazame miguu, Gaylen. Wewe unamtazama nywele."

Jicho hilo Ardith hakulipata bure. Zamani zile wasichana wa Iowa walicheza sita kwa sita: walinzi watatu upande huu wa mstari wa katikati, wafungaji watatu upande ule, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Ardith na Darlys walikuwa walinzi. Kazi yao ilikuwa kunyang'anya mpira, kuufikisha kwenye mstari, kuutoa kwa mwenzao wa ng'ambo, kisha kusimama mikono kiunoni na kutazama wengine wakifunga. Mwaka wao wa mwisho walifika mashindano ya jimbo. Ardith alinyang'anya mipira kumi na moja siku ile, na gazeti likaandika majina ya wafungaji. Miaka mitatu alicheza, na hakuna mechi hata moja aliyorusha mpira kikapuni. Darlys alilizungumza jambo hilo kwa kucheka. Ardith hakulizungumza kabisa.

Sasa, Darlys alikuwa na mjukuu, Brynn, mwaka wa tatu katika Chuo cha Wessel, chuo chetu, na ndiye aliyeiongoza timu uwanjani. Binti mwembamba, mwenye macho ya kuona pembe zote. Msimu ule Wessel ilikuwa ikikabana koo na Bremer kuwania ubingwa wa kanda, na kwa utoaji wa pasi Brynn hakuwa na mpinzani katika vyuo vyote tisa. Ila Ardith aliona jambo. Mechi ikibaki sekunde chache na pointi zikiwa sawa, Brynn hakurusha. Alitoa pasi. Mara ya kwanza mwenzake alikosa, mara ya pili akakosa mwingine, na mara ya tatu mpira ukamponyoka mpokeaji. Mechi tatu zikapotea hivyo.

Wiki mbili Ardith alinyamaza mezani kwa heshima ya rafiki yake, na kunyamaza hakukuwa desturi yake. 

Kila Jumanne kocha wa Wessel huja kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kula na mashabiki supu nzito ya maharage na nyama, pamoja na mikate ya mdalasini, kisha hujibu maswali. Ndivyo tulivyo: kocha asiyekula nasi hatumwamini. Jumanne moja ya Februari Darlys alikwenda kung'olewa jino. Ardith alijua. Angeweza kungoja wiki moja, au kumnong'oneza kocha mlangoni, au kwenda kwa Darlys mwenyewe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama mbele ya watu sitini.

"Kocha, kwa nini Brynn Tjaden anaogopa kurusha dakika ya mwisho? Mikono anayo. Moyo hana."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kushtuka. Kocha Sandvik, mwanamke kijana katika msimu wake wa pili, aliweka kijiko chini akasema wao pia wamekuwa wakilitazama jambo hilo, na kwamba Brynn atatakiwa kubadilika. Mtangazaji wa redio ya mji alikuwepo na kinasa sauti chake. Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa Ardith siku ile ulipata na miguu. Kufikia Alhamisi neno lilikuwa dukani, kwa msusi, kwenye kituo cha mafuta. Jumamosi, timu ilipocheza ugenini, wanafunzi wa kule waliinua kipande cha boksi kilichoandikwa HANA MOYO, na kila Brynn aliposhika mpira wakaliimba neno hilo.

Jumatatu Darlys alikuja mezani kama kawaida. Aliongea juu ya theluji na jino lake. Alimsogezea Ardith sukari kabla hajaiomba. Hakutaja redio, wala kocha, wala mjukuu, na Ardith, aliyezaliwa Harlen, alielewa mambo ni mabaya kiasi gani. Hata hivyo hakuomba radhi. Alijiambia kuwa amesema ukweli, na ukweli hauombewi msamaha. Huo ulikuwa ujinga, na kwa mtu mwenye akili kama yake ujinga huwa mgumu kuliko jiwe.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, Wessel na Bremer, na mshindi anachukua ubingwa. Ardith na Darlys walikaa bega kwa bega kwenye viti vyao vya miaka yote. Zilipobaki sekunde nane Wessel ilikuwa nyuma kwa pointi moja na mpira uko kwa Brynn. Aliingia kati, walinzi wawili wa Bremer wakamfuata, na chini ya kikapu, upande wa kulia, akabaki binti wa mwaka wa kwanza, peke yake, mikono juu. Katika ukumbi mzima Ardith ndiye aliyemwona kwanza.

"Toa," alisema. Si kwa kelele. Alisema kama mtu anayeomba dua.

Brynn alimwona yule binti. Kichwa kiligeuka, Ardith anaapa kiligeuka. Kisha akarusha juu ya mikono minne. Mpira uligonga ukingo ukatoka nje, na mashabiki wa Bremer wakamiminika uwanjani. Darlys alivaa koti lake, akafunga kifungo kimoja kimoja, akasema barabara zitakuwa na barafu, akaondoka.

Jumapili baada ya ibada Ardith alikaa mbele ya kompyuta aliyonunuliwa na mwanawe na kurudia zile mechi tatu. Alizitazama jinsi alivyowatazama wachezaji wa watu wengine, bila haraka, miguu kwanza. Pasi ya kwanza ilikuwa sahihi. Ya pili ilikuwa sahihi, na nzuri ajabu. Ya tatu ilimkuta mpokeaji mikononi kabisa. Brynn hakuwa ameogopa kitu. Alikuwa amefanya kazi ya mlinzi, kumpa mpira aliye mahali pazuri kuliko yeye; kazi ile ile aliyoifanya Ardith miaka mitatu na ambayo hakuna gazeti lililoiandika.

Hapo akajijua. Sekunde zile, mpira ukiwa mikononi mwa Brynn na kikapu kikiwa mbele yake, Ardith hakuwa amemtazama Brynn. Alikuwa amejitazama mwenyewe, msichana wa miaka kumi na saba nyuma ya mstari, akitamani kurusha. Alimwonea wivu mtoto kwa sababu aliruhusiwa kurusha na hakutaka. Ardith alilia, na hakuwa mtu wa kulia.

Jumatatu kiti cha Darlys kilikuwa kitupu. Gaylen alimpokea Ardith kwa furaha.

"Jaji, ulisema! Mpira mbovu namna ile ameurusha nani kama si mtu asiye na moyo?"

"Alirusha kwa sababu yangu. Na zile pasi zote tatu zilikuwa sahihi. Nimekosea, Gaylen."

Gaylen alicheka, akasema aache unyenyekevu wa kanisani, mji mzima umeona alivyopatia. Ardith alirudia. Alimweleza pasi moja moja, nani alisimama wapi. Gaylen alimsikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza mgonjwa, halafu akamwuliza anaionaje Bremer kwa mwaka ujao. Kwenye chakula cha mwisho cha kocha Ardith alisimama tena akasema hayo hayo mbele ya wote, na watu wakampigia makofi kwa ukarimu wake. Mtangazaji wa redio hakuwasha hata kinasa sauti.

Aprili ikaja habari kwamba Brynn ameacha timu na ameacha Wessel. Amekwenda Duluth, mji wa mbali kaskazini, kwa shangazi yake kusomea uuguzi, na huko hatacheza. Siku hiyo hiyo Ardith alioka viazi kwa jibini katika bakuli kubwa, akalibeba kwa miguu hadi kwa Darlys.

Darlys alilipokea, akamshukuru, akamkaribisha jikoni, akamimina kahawa. Yote yalifanyika kama inavyotakiwa.

"Nilikosea, Darlys," Ardith alisema. "Nimezirudia mechi zote. Pasi zake zilikuwa sahihi."

"Najua. Nilicheza hapo hapo ulipocheza wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia? Mimi bibi yake. Kila nikimsifu pale mezani, wewe na Gaylen mnatazamana."

Ilikuwa kweli, na Ardith alikubali kwa kichwa. Akauliza kama Brynn alikuwa ameumia sana kwa yale ya redio. Darlys alizungusha kikombe chake.

"Alinipigia simu jioni ile. Hakulia. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama kweli ni wewe uliyesema, au redio wametia chumvi. Nikamwambia sikuwepo. Akaniambia, 'Bibi, kama ni redio sijali. Lakini kama ni Ardith, basi ni kweli.'"

"Ungemwambia Ardith ni mzee mpumbavu."

"Ningemwambiaje? Tangu ana miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, msikilize Ardith, hakosei." Darlys aliinuka akaanza kuosha kikombe ambacho hakijaisha kahawa. "Mimi napiga makofi hata akiteleza. Makofi yangu yalikuwa na thamani gani kwake? Alikuwa akingoja neno lako. Na wewe ukaenda kulisemea kanisani, mimi niko kwa daktari wa meno."

Ardith aliomba anwani, na Darlys akaiandika bila ubishi.

Barua ilimchukua siku nne. Kila sentensi aliyoanza iligeuka kuwa hukumu: ulikuwa mzuri katika hili, umeboreka katika lile. Alizichana. Mwishowe aliandika ukurasa mmoja: kwamba pasi zote tatu zilikuwa sahihi, kwamba yeye hakuwahi kurusha mpira kikapuni katika mechi hata moja na alimwonea wivu, kwamba neno lile halikuwa kweli hata siku lilipotamkwa, na kwamba anamwomba msamaha.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kadi yenye maua, mwandiko wa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Bibi Ardith, asante kwa barua yako nzuri. Bibi yangu aliniambia umekuwa na huzuni, tafadhali usijisumbue kwa ajili yangu. Najua unasema haya kunifariji, na nimeguswa. Lakini ulipatia mara ya kwanza. Nilijitazama vizuri, nikaona ulichokiona, na sasa nina amani. Wewe huwa hukosei."

Ardith aliisoma akiwa amesimama kando ya sanduku la barua. Majirani walipita wakamsalimia, naye akawaitikia mmoja mmoja.